Rasilimali si akiba: kinywe, vanadi na mwamba wa Mpanda

Gazeti likiandika kwamba mkoa fulani umekalia "hazina" ya madini yenye thamani ya matrilioni ya shilingi, mara nyingi hesabu iliyofanyika ni moja tu: tani za mwamba, mara kiwango cha madini, mara bei ya soko la dunia. Wanajiolojia hawahesabu hivyo. Kwao rasilimali ya madini ni kile ambacho uchorongaji na sampuli vimeonyesha kuwa kimo ardhini, kikiwa na matarajio ya kuridhisha ya kuchimbwa. Akiba ya mbale (mwamba wenye madini) ni ile sehemu ya rasilimali ambayo, ukishatoa gharama za kuchimba, kuchenjua, kusafirisha na kulipa mrabaha, bado inabakiza faida. Neno "hazina" limeyameza yote mawili, na mimi ningewaachia watunzi wa mashairi.

Mpanda, mkoani Katavi, inaijua tofauti hiyo tangu enzi za mkoloni. Mwamba wa Mukwamba wenye risasi, shaba, fedha na dhahabu haukuletwa na reli, lakini bila reli usingelipa. Tawi la kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200, lilifika Mpanda mwaka 1950, na kampuni ya Uruwira Minerals ikachimba kwa takriban muongo mmoja. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Treni imebaki, ikibeba abiria na mazao. Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Katavi haina shida hiyo ya usafirishaji: inapimwa kwa gramu, na dhahabu ya duara (shimo la wachimbaji) zima hutoka machimboni mfukoni mwa mtu.

Kinywe (grafiti) hakibebeki mfukoni. Mahenge, mkoani Morogoro, makadirio ya mradi mkubwa mmojawapo ni rasilimali ya takriban tani milioni 212 zenye asilimia 7.8 ya kaboni, ilhali akiba ni kama tani milioni 70 tu, kwa asilimia 8.5. Ni mradi mmoja wenye takwimu mbili. Tena bei ya kinywe haifuati kaboni peke yake, hufuata pia ukubwa wa chembe zake bapa na usafi wake. Kinywe cha chembe pana huuzwa ghali kuliko cha chembe ndogo, hata kama vyote vina asilimia 95 ya kaboni.

Vanadi ni habari nyingine. Huko Liganga, wilayani Ludewa, imejificha ndani ya mbale ya chuma pamoja na titani. Kuitoa kwa kawaida kunataka kuchoma mbale pamoja na chumvi ya sodiamu, kisha kuilowesha ili vanadi iyeyuke. Kwa hiyo thamani yake inategemea uamuzi kuhusu chuma: nani atajenga tanuri, na nani atalipia makaa na umeme? Bei nayo haina utulivu. Novemba 2018 pentoksidi ya vanadi ilipanda Ulaya hadi karibu dola 28 kwa ratili, China ilipokaza viwango vya nondo za ujenzi, ambazo huimarishwa kwa vanadi. Mwaka uliofuata ilishuka chini ya dola 10. Mwamba haukubadilika hata punje, ila mgodi unaolipa kwa dola 20 huenda usilipe kwa 6.

Basi anayeuliza kipi kina thamani zaidi, kinywe au vanadi, aulize kwanza tani zipi, kwa bei ya mwaka gani, na hadi bandari ipi. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,000. Upande wa pili wa mkoa, Karema sasa ina bandari inayotazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Reli ikifika huko, hesabu ya akiba ya shaba ya Katavi italazimika kufanywa upya, hata kama hakuna aliyechoronga shimo jipya.