Manamba: Neno la Kiingereza Tulilolipata Shambani

Katika somo letu la Kiingereza cha ofisini na biashara, mwalimu alijaza ubao kwa maneno ya kazini: ya mkataba, ya likizo, ya malipo ya muda wa ziada, ya orodha ya wafanyakazi. Kisha akasema kwamba sisi Warundi tumechelewa, kwa sababu Kiingereza cha kazi kimetufikia baada ya mwaka 2007, nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa upande wa shule na ofisi alisema kweli. Tulitawaliwa na Wabelgiji, na lugha ya karani kwetu ilikuwa Kifaransa. Kiingereza kilifanywa lugha rasmi ya Burundi mwaka 2014 tu. Lakini mimi nilikuwa nimelisikia neno moja la Kiingereza cha kazi nyumbani kabla sijaanza shule, na nililisikia kwa babu yangu ambaye hakusoma hata darasa moja. Neno hilo ni manamba.

Asili yake ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba ya Tanga, Korogwe, Pangani, Morogoro na Kilosa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza walishika Tanganyika, na Wabelgiji wakashika Ruanda-Urundi. Mashamba yalihitaji watu wengi kuliko waliokubali kufanya kazi hiyo karibu na kwao, kwa sababu mkonge una miiba, jua ni kali, na mwenye shamba lake mwenyewe hana sababu ya kuuza siku zake. Basi watu wakatafutwa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU.

Kwetu wa kuandikishwa hawakukosekana. Kulikuwa na kodi ya kichwa, kazi za lazima za barabara, kilimo cha lazima, na kiboko kwa aliyechelewa. Baadhi walikwenda Uganda, katika mashamba ya kahawa na pamba ya Buganda, na kwenda huko kuliitwa gupagasa, neno ambalo ndani yake Mswahili yeyote atalisikia neno pagazi. Wengine walishika njia ya mashariki. Babu alikwenda miaka ya 1950. Alitoka Ruyigi kwa miguu, akashuka Moso, akavuka mpaka hadi Kibondo, kisha akapanda lori, kisha treni, kisha lori tena, kwa kuwa Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuja kuunganishwa mwaka 1963 tu. Alisema kilichomchosha zaidi ni kutojua ni wapi anapelekwa, kuliko urefu wa safari yenyewe.

Aliyeandikishwa alipimwa afya, akapewa namba. Msimamizi hakuwa na haja ya kujifunza kutamka jina la Kirundi, na majina yetu ni marefu, nakubali. Namba ilikuwa rahisi. Kiswahili kikalichukua neno hilo la Kiingereza, kikalitia ma- mbele kama kinavyofanya kwa vitu vilivyo vingi, na watu wakawa manamba. Silioni kama neno la kawaida la kuazima. Tulipoazima meza au kalamu tuliazima jina la kitu. Hapa hesabu ya daftari iliazimwa ili iwe jina la watu.

Pamoja na namba, babu alipewa kipande. (Wasomaji wa Kenya wasikichanganye na kile cha kwao, kilichokuwa kitambulisho cha kuvaliwa shingoni.) Kipande cha mkonge kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Aliyemaliza kazi aliyopangiwa siku hiyo alitiwa alama. Asiyeimaliza, siku yake haikuhesabiwa. Mshahara ulilipwa nafasi zote zilipojaa, hata kama kuzijaza kulichukua zaidi ya mwezi. Majani nayo yalifungwa 30 katika kila fungu. Babu hakujua kusoma, lakini 30 aliijua kwa mikono.

Niliwahi kumwomba anitajie maneno yote ya shambani aliyoyakumbuka, nikayaandika. Sasa ninapoyatazama naona yamepangana kama tabaka za udongo. Mshahara ni neno la Kiarabu, na asili yake ni mwezi. Mnyapara ni cheo cha misafara ya Wanyamwezi, kilichohamia shambani misafara ilipokwisha. Korona, mtambo wa kukamua majani, ni jina la mashine ya Kijerumani. Meneja na namba ni vya Kiingereza. Kila aliyekuja kututumikisha aliacha neno lake, na Kiswahili hakikulitupa hata moja.

Neno manamba halikubaki Tanga. Wazee wa Burundi walisema fulani amekwenda "i Manamba", wakimaanisha Tanganyika: namba ikawa nchi. Nchini Kenya leo manamba ni kijana anayeita abiria wa matatu. Nchini Tanzania ukimwambia mtu amekufanya manamba, unamlaumu kwamba anakutumikisha bila heshima. Kwangu maana hii ya Tanzania ndiyo iliyo karibu zaidi na chanzo.

Mkonge wenyewe ulififia. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna tani zipatazo 230,000, kisha kamba za nailoni zikashusha bei. Mwaka 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi. Babu alikuwa amekwisha kurudi Ruyigi na baiskeli, mablanketi mawili na Kiswahili chake.

Somo lililofuata nilimweleza mwalimu haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kuwa neno hilo si la ofisini. Nikamjibu kwamba shamba la mkonge lilikuwa na ofisi, na kwamba kule ndiko jina la babu lilikobadilishwa kuwa tarakimu. Wenzangu wawili walisema hata babu zao walikwenda i Manamba, ila hawakuwahi kufikiri kwamba hilo ni neno la Kiingereza. Walidhani ni jina la mji. Mwalimu alifuta ubao, akarudi kwenye orodha yake. Neno la kwanza siku hiyo lilikuwa namba ya mfanyakazi.