Waraka wa 1968 na Swali la Lugha
Tarehe 24 Oktoba 1968, wanazuoni watatu wa chuo ambacho mwaka 1970 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, yaani Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngugi wa Thiong'o, walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kitovu cha masomo. Hoja ilishinda, ingawa waraka wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza.

Swali la lugha likabaki. Mwaka 1977 Ngugi alishiriki kutunga tamthilia ya Kigikuyu iliyochezwa na wanakijiji wa Kamirithu. Desemba akatiwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima, wala hakurudishiwa kazi yake. Riwaya zake za Kiingereza, japo kali, hazikuwa zimemfikisha huko.

Mtaala, basi, hubadilishwa kwa waraka. Lugha imfikiayo mkulima ina gharama yake.