Faini ya Matusi: Shilingi Moja kwa Kiapo

Je, ulimi waweza kufungwa kwa sarafu? Bunge la Uingereza liliwahi kuamini hivyo. Sheria yake ya mwaka 1745 ilitoza faini kila aliyeapa au kulaani ovyo.

Zingatia kwanza maneno haya. Kuapa ni kumtaja Mungu ili kuthibitisha kauli. Kulaani ni kumwombea mtu shari. Kutukana ni kumvunjia mtu heshima. Sheria ile ililenga mawili ya kwanza, kwa kuwa kosa lilihesabiwa kuwa ni dhidi ya Mungu.

Faini ilipangwa kwa daraja. Kibarua, askari wa kawaida na baharia walitozwa shilingi 1. Wengine walio chini ya mabwana, shilingi 2. Mabwana wenyewe, shilingi 5. Aliyerudia kosa alilipa maradufu, na mara ya tatu akalipa mara tatu. Fedha hizo ziliwaendea maskini wa parokia, na sheria yenyewe ilisomwa kanisani mara nne kwa mwaka ili asiwepo wa kusingizia kutojua.

Mpango huo waonekana wa haki, lakini upime. Shilingi 1 ilikaribia ujira wa kutwa wa kibarua wa shambani. Shilingi 5 hazikumnyima bwana chakula cha jioni. Na asiye na cha kulipa aliadhibiwa mwilini: askari na baharia walifungwa miguu katika mkatale hadharani. Basi neno lile lile lilimgharimu mnyonge zaidi.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1967. Hata hivyo, wazo lake halikufa. Mwaka 2012 wakazi wa mji wa Middleborough, Marekani, walipiga kura 183 dhidi ya 50 kuidhinisha faini ya dola 20 kwa lugha chafu hadharani.

Kwetu Afrika Mashariki, tazama kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Chenyewe hakiulizi tu ni neno gani limetamkwa. Huuliza pia iwapo matusi hayo kwa mwenzako yaweza kuvunja amani. Anayelindwa hapo ni jirani.

Wahenga walisema: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Faini yaweza kumnyamazisha mtu sokoni, ila adabu hufunzwa nyumbani na darasani. Nawe msomaji, ungeandika sheria ya namna gani, na nani angeilipia zaidi?