Upole wa Bwana Thomson

Mwezi wa tatu nilipewa kazi ya kuandika maneno 300. Mteja ana kambi ya watalii upande wa Taveta na alitaka bango la kuweka pale mapokezi: historia fupi ya wapelelezi wa Kizungu waliopita huku, hasa Joseph Thomson, "rafiki wa Waafrika." Malipo shilingi 4,000, nusu mwanzo, nusu kazi ikiisha. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo hachagui sana. Nikasema sawa, tuma ya mwanzo.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Thomson hata mimi nilikuwa namjua kidogo. Ni Mskoti, alizaliwa 1858, na alipita katika nchi ya Wamaasai 1883 na 1884 kwa niaba ya Royal Geographical Society ya London. Jina lake limeingia hadi kwenye Kiswahili chetu: yule swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni tunamwita swala tomi, na huyo Tomi ndiye yeye. Nyahururu iliitwa Thomson's Falls hadi wazee wengine bado wanasema T Falls.

Binamu yangu anaendesha magari ya watalii, Tsavo na Amboseli. Nilipomwambia kuhusu kazi alifurahi. "Huyo ndiye alikuwa mzuri wao, kaka. Hakuua mtu. Mimi huwaambia wageni kila siku." Na kweli ndiyo sifa iliyombeba Thomson miaka 140. Stanley alipita akipiga risasi, Thomson alipita akitabasamu. Nikamuuliza binamu stori hiyo ameitoa wapi. Akasema kila mtu anaijua.

Usiku huo nikanunua bando la usiku, nikashusha kitabu chenyewe, *Through Masai Land*, cha 1885. Hakuna mtu anayekidai hakimiliki siku hizi, unakipata bure. Nikaanza kusoma nikitafuta mzungu mzuri wa kuweka kwenye bango.

Safari inaanza pwani Machi 1883. Wanatoka Rabai, wanakata Taru, wanafika Maungu, kisha Ndara. Hapo nilisimama nikaangalia dirishani, maana Ndara ndivyo vilima vya Sagalla, vile unavyoviona ukiwa stendi ya Voi. Mji wenyewe haukuwepo, reli ilikuwa bado miaka kumi na mitano hivi. Leo basi linakata Taru wewe ukiwa umelala mdomo wazi. Wakati ule ilikuwa nyika isiyo na maji, na watu zaidi ya mia moja wakiikata kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi kichwani au begani: shanga, nguo, na waya wa shaba na chuma.

Hao wapagazi ndio walioniharibia maneno yangu 300.

Thomson hawapendi, wala hafichi. Wapagazi wazuri wa Zanzibar walikuwa wameshachukuliwa na misafara mingine, kwa hiyo anasema alibaki na takataka za mji, wezi na wahuni. Hofu yake kubwa njia nzima ya huku kwetu ni kwamba watamtoroka. Basi anawawekea walinzi usiku. Watoro wanatishiwa risasi. Wakosaji wanachapwa fimbo, na anaandika habari za fimbo kama mtu anayeandika habari za mvua. Hana haya wala hasira, ni ratiba tu ya siku.

Nikampigia binamu saa tano usiku. Akasema, "Sasa kaka, hao si walikuwa wafanyakazi wake? Wakati ule kila msafara ulichapa. Waarabu walichapa, Waswahili walichapa." Ni kweli. Misafara ya biashara kutoka Pangani na Mombasa haikuwa pikiniki, na wapagazi wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Lakini angalia hesabu inavyopigwa. Tunaposema Thomson hakumwaga damu, tunahesabu "wenyeji," yaani Wamaasai, Wataita, Wataveta, watu aliowakuta njiani. Waliombebea chakula, hema na dawa hawamo. Wao pia walikuwa watu wa Afrika Mashariki, ila wameandikwa upande wa mizigo.

Katika msafara huo kulikuwa na mzungu wa pili, James Martin, baharia kutoka Malta. Jina lake la kuzaliwa ni Antonio Martini. Hakujua kusoma wala kuandika. Thomson anamsifu sana, na baadaye Martin huyo alikuja kuwa afisa wa serikali ya kikoloni, mtu wa kuamua kesi na kukusanya kodi. Kulikuwa pia na Muinyi Sera, mkuu wa wapagazi, aliyekwisha zunguka bara kabla ya Thomson kujua Mombasa iko wapi. Kwenye kitabu Muinyi Sera ni kichekesho: mvivu, mwoga, anapenda kula. Sijui kama ni wivu wangu wa mtu asiye na cheti, lakini nilikaa sana kwenye hao wawili. Mmoja hajui kusoma, akapewa wilaya.

Tufike Taveta sasa, maana mteja alilipia Taveta.

Thomson anaipenda Taveta kuliko karibu kila mahali alipopita. Baada ya kiu ya nyika anaingia kwenye msitu wenye mto Lumi, migomba na kivuli, na watu wa amani wanaomuuzia chakula. Anausifu uungwana wao. Ukikisoma haraka utaona mgeni mwema na wenyeji wema, habari kwisha. Lakini msitu ule ulikuwa ngome. Ulizungukwa na miti minene, njia za kuingilia zilikuwa chache na zililindwa, na wazee ndio waliokuwa wanaamua nani apite. Misafara yote ya kwenda Umaasaini ilipiga kambi hapo kwa wiki nzima au zaidi, kwa kazi moja ya kuchosha: kutunga shanga upya. Wamaasai walikuwa na vipimo vyao vya shanga na hawakupokea kitu nje ya vipimo hivyo. Hebu fikiria wanaume mia, wenye bunduki, wamekaa chini ya migomba wanatunga shanga kwa urefu uliopangwa na watu ambao hata hawako pale.

Na hapa ndipo nilipoanza kuuona upole kwa jicho lingine. Thomson anatoka Taveta mara ya kwanza mwezi wa nne, anaingia kwa Wamaasai, anakuta mambo yamechafuka. Mjerumani, Gustav Fischer, alikuwa ametangulia kutokea Pangani na msafara wake ulikuwa umepigana nao. Thomson anaona hatari, anarudi Taveta haraka, kisha anakimbia hadi Mombasa kuongeza watu na mali. Mara ya pili haendi peke yake. Anajishikiza kwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani aliyeijua njia, bei na salamu. Anatoa hongo kila anapoombwa. Wakimshika nguo, wakimvuta nywele, wakitaka avue viatu waone vidole, anakubali.

Huu wote ni upole, sawa. Lakini angefanya nini kingine? Mwaka 1883 Wamaasai walikuwa na nguvu zao zote. Sotoka haikuwa imefika kuwamalizia ng'ombe, ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ndui ikafuata. Mtu mwenye bunduki mia moja katikati ya maelfu ya mikuki anakuwa mpole. Amani ya safari ile ililindwa na morani, na wazee wa Taveta, na Kimemeta. Thomson aliipokea, akairudisha London kama mali yake.

"Unamchukia tu," binamu akasema. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai, Jumapili.

Nikamwambia simchukii, na tena ana mahali pa kuchekesha. Nikamsomea ile ya meno. Thomson alikuwa na meno mawili ya bandia, anayatoa na kuyarudisha, watu wanaruka nyuma. Alikuwa na Eno, ile ile ya tumbo tunayonunua dukani, anaitia kwenye maji inafoka, wanaona uganga. Akajiita laiboni wa kizungu. Siku moja anakuja mzee wa Kimaasai na mke wake, wanataka dawa ya kupata mtoto, mtoto mweupe kama yeye. Anawachanganyia Eno, wanakunywa, na kwa kuwa kwa Wamaasai mate ni baraka, anawatemea mate kama alivyoombwa. Wanaondoka wameshukuru.

Binamu alicheka hadi chai ikamwagika. Mimi pia nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nikawafikiria wale wawili wakirudi nyumbani. Mimi nina shangazi aliyezunguka miaka tisa na waganga na wachungaji kwa ajili ya jambo hilo hilo. Najua mtu anatembeaje akitoka kupewa tumaini. Thomson hakuwadhuru, Eno haiui. Lakini aliwageuza kuwa ukurasa wa kuchekesha, na kitabu kikauzwa vizuri sana.

Binamu akanyamaza kidogo, halafu akatoa hoja yake nzuri kuliko zote. "Basi niambie, ungekuwa Mkikuyu wa wakati ule, ungependa apite nani, Thomson au Teleki?"

Hapo alinibana. Hesabu Sámuel Teleki, Mhungari, alipita Taveta hiyo hiyo miaka minne baadaye, 1887, na Kimemeta huyo huyo, akiwa na mamia ya watu. Mwandishi wa safari yake, Luteni Ludwig von Höhnel, hafichi kitu: walipigana na Wakikuyu, wakachoma vijiji, wakachukua mbuzi na ng'ombe. Ukitoka kwenye kitabu cha Thomson ukaingia hicho, unamkumbuka Thomson kama mjomba. Mimi pia ningechagua Thomson apite kwangu. Kumchagua mtu kati ya wawili ni kitu kimoja, kumwandika bangoni kuwa rafiki ni kitu kingine.

Tena Teleki alikwenda ziwani, akalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wao, akarudi kwao. Thomson hakuishia kwenye swala. Mwaka 1885 alikuwa Sokoto na Gwandu, akitafuta mikataba kwa ajili ya National African Company. Mwaka 1890 alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kwenda upande wa Katanga, kazi hiyo hiyo ya karatasi. Kumbe upole ulikuwa ujuzi unaolipwa.

Na Taveta yenyewe? Mwaka 1884, Thomson ndiyo kwanza amemaliza safari yake, alikuja Harry Johnston. Naye alipendezwa na msitu, naye akapokelewa vizuri, na akapata makubaliano ya ardhi na wazee. Makaratasi hayo yakawa hoja ya Waingereza walipogawana nchi na Wajerumani mwaka 1886. Ukiangalia ramani utaona mpaka unatoka pwani umenyooka, ukifika kwetu unakunja: Kilimanjaro kule, Taveta huku. Mimi nina vitambulisho vya Kenya kwa sababu watu fulani waliwapikia wageni ndizi.

Miaka sita tu baada ya hapo, 1892, huko juu Mwanda, Mwangeka wa Malowa aliuawa akipigana na askari wa kampuni ya Kiingereza, IBEA. Aliyewaongoza ni Kapteni Nelson, mtu wa Stanley, mmoja wa waliopona kwenye msitu wa Kongo katika safari ya kumtafuta Emin Pasha. Wakati huo njia ya misafara ilikuwa tayari inajulikana, na kila kituo cha maji kipo kitabuni.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yote nimeyatoa kwao wenyewe. Thomson ananiambia alichapa, Höhnel ananiambia walichoma. Kiswahili kilikuwa na waandishi wakati huo; *Safari za Wasuaheli*, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901, kina wasafiri wa pwani wanaosimulia bara kwa mdomo wao. Muinyi Sera hana kitabu. Basi nimejifunza kusoma malalamiko. Kila Thomson anapoandika kwamba wapagazi wamegoma, wamenung'unika, wamemtoroka usiku hapa Taru, nasoma kama wao ndio wanaongea. Mtu aliyeacha mshahara na kukimbilia nyika isiyo na maji alikuwa na jambo la kusema kuhusu bwana yule mpole.

Nilimwandikia mteja maneno 312. Swala tomi wamo, Lumi imo, Eno imo kwa sababu watalii wanapenda kucheka. Aya ya pili ilikuwa ya wapagazi: walinzi wa usiku, fimbo, jina la Muinyi Sera. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, la heshima kabisa. Kazi nzuri, picha ya msitu itachukua nafasi kubwa, kwa hiyo aya ya pili itatolewa, je nina tatizo? Niliangalia ule ujumbe kwa muda mrefu. Kodi ya chumba ilikuwa imechelewa siku kumi na moja.

Nikajibu aya ibaki au jina langu litoke. Wakatoa vyote viwili. Elfu mbili iliyobaki iliingia Ijumaa.

Binamu bado anawaambia wageni Thomson hakuua mtu. Ila juzi alinipigia kutoka Amboseli, gari limejaa Wajerumani, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Yule wa wapagazi aliitwa nani tena? Muinyi nani?"