Maktaba za pamoja katika Linux: Kwa nini programu hukataa kufunguka

Mtumiaji wa Linux anayepakua programu iliyoundwa kwingineko, akaisakinisha na kuibofya, mara nyingine hujikuta akikabiliwa na kimya. Akiifungua kupitia dirisha la amri, huarifiwa kwamba faili fulani yenye jina linaloishia kwa .so haikuonekana, au kwamba toleo GLIBC_2.34 halikupatikana. Tarakilishi yake haina hitilafu, na huenda programu iyo hiyo inafanya kazi barabara kwenye mashine ya jirani. Kiini cha tatizo ni maktaba za pamoja.

Maktaba, katika lugha ya wataalamu wa tarakilishi, ni mkusanyiko wa maagizo yaliyoandikwa mara moja ili yatumiwe na programu nyingi. Badala ya kila programu kubeba nakala yake, mfumo huweka nakala moja ambayo zote huiazima, mithili ya masufuria makubwa ya mtaa yanayozunguka kutoka arusi moja hadi nyingine. Nafasi ya diski na kumbukumbu huokolewa. Muhimu zaidi, dosari ya usalama ikigunduliwa hurekebishwa mahali pamoja. Dosari iliyoitwa Heartbleed ilipofichuliwa katika maktaba ya OpenSSL mnamo Aprili 2014, programu zilizotegemea nakala ya pamoja zilitibiwa kwa kusasisha kifurushi kimoja na kuwasha huduma upya. Zilizokuwa zimejibebea nakala zenye dosari zilibaki wazi hadi kila muundaji alipotoa toleo jipya.

Hata hivyo, nguo ya kuazima haisitiri. Debian, Fedora, Ubuntu na nyinginezo zote ni Linux, ila kila moja hujichagulia matoleo ya maktaba na wakati wa kuyabadilisha. Programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa upande wake, hukumbuka maktaba zilizokuwapo siku ilipoundwa, na hudai zizo hizo popote inapopelekwa.

Madai hayo huandikwa kwa majina. Kila maktaba ya pamoja huwa na jina rasmi lenye nambari, mathalan libssl.so.1.1 au libssl.so.3. Nambari hiyo hubadilika pale ambapo waundaji wamevunja mkataba wa awali baina ya maktaba na programu zinazoitegemea. OpenSSL 3.0 ilitolewa mnamo Septemba 2021, na Ubuntu 22.04 ikaikumbatia na kuiacha ile ya 1.1. Programu nyingi zilizoundwa kwa toleo la zamani zikagoma mara moja.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kuunda kiungo chenye jina la zamani kinachoelekeza kwenye maktaba mpya. Huko ni kuidanganya programu. Huenda ikafunguka, kisha ikaanguka katikati ya kazi, kwa sababu mpangilio wa data ndani ya maktaba hizo mbili si mmoja. Heri programu inayokataa waziwazi kuliko inayokubali na kuharibu faili kimyakimya.

Maktaba ya C, yaani glibc, ina utaratibu wake. Jina lake, libc.so.6, halijabadilika tangu toleo la 2.0 la mwaka 1997. Badala yake, tangu toleo la 2.1 la mwaka 1999, kila amri iliyomo ndani yake hubandikwa chapa ya toleo. Amri ikibadilishwa, ile ya kale huhifadhiwa kando ya mpya. Ndiyo maana programu ya miaka mingi iliyopita yaweza kutumika katika mfumo wa leo, lakini kinyume chake hakiwezekani. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31 ilhali Ubuntu 22.04 ina 2.35. Kwa kuwa hata amri ya kuanzishia programu ilipewa chapa mpya katika 2.34, karibu kila programu ya kawaida iliyoundwa katika mfumo wa pili hukataa kuanza katika ule wa kwanza, hata iwe fupi namna gani.

Umuhimu wa chapa hizo ulidhihirika baada ya Fedora 14 kutolewa mnamo Novemba 2010. Wasimamizi wa glibc walikuwa wameharakisha memcpy, amri ya kunakili data, na katika baadhi ya mashine ikaanza kunakili kutoka nyuma kwenda mbele. Kanuni inakataza kuitumia pale sehemu mbili za kumbukumbu zinapoingiliana, lakini Adobe Flash ilikuwa ikifanya hivyo. Sauti za video zikakwaruza. Wasimamizi walisema kosa ni la Flash, nao kisheria walikuwa sahihi. Linus Torvalds mwenyewe alijitosa katika mjadala akiwatetea watumiaji. Glibc 2.14 ya mwaka 2011 iliupatanisha ugomvi huo: programu za zamani zilirejeshewa tabia salama, na mpya zikapewa memcpy yenye chapa ya 2.14.

Mtu afanyeje basi? Amri ya ldd huorodhesha maktaba ambazo programu inazitafuta na kuonyesha zilizokosekana. Ila isitumiwe kwa faili isiyoaminika, kwani yaweza kuiendesha faili yenyewe. Readelf -d ni salama zaidi. Maktaba iliyokosekana itafutwe kwanza katika hazina rasmi ya mfumo. Ikilazimu kuweka nakala ya zamani, iwekwe katika folda ya programu hiyo pekee, na LD_LIBRARY_PATH itajwe ndani ya hati ya kuianzisha, si katika mipangilio ya mfumo mzima. Glibc yenyewe isibadilishwe kwa mkono asilani. Ikiharibika, hata amri za kunakili na kuorodhesha faili hukwama, na mwenye mashine hubaki akitafuta diski ya uokoaji.

Mzigo mkubwa, kwa maoni yetu, ni wa muundaji. Aunde programu yake katika mfumo mkongwe zaidi anaokusudia kuuhudumia. Wasanidi wa Python hufanya hivyo: kiwango chao cha manylinux2014 kilijengwa juu ya CentOS 7 yenye glibc 2.17. Jaribio la kuzipatanisha Linux zote kwa kiwango kimoja, Linux Standard Base, lilianza na toleo la 1.0 mwaka 2001, lakini Debian iliachana nalo mwaka 2015.

Flatpak, Snap na AppImage zimefuata njia nyingine, ya programu kuja na maktaba zake au kuegemea msingi maalumu usiotegemea ule wa mfumo. Programu hufunguka, lakini anayenunua intaneti kwa vifurushi huuhisi uzito, kwani msingi wa Flatpak pekee waweza kupita mamia ya megabaiti. Na swali la Heartbleed hurudi: dosari ikipatikana katika maktaba iliyofungashwa ndani ya AppImage, kusasisha mfumo hakuigusi. Ni yule aliyeifungasha pekee anayeweza kutoa nyingine, iwapo bado anaishughulikia.