Udongo wa Machimbo ya Kimwarer
Kimwarer ni machimbo ya zamani ya floraiti katika Bonde la Kerio, kaunti ya Elgeyo Marakwet, Kenya. Uchimbaji ulianza miaka ya 1970 na kusimama 2016, bei ya dunia ilipoporomoka. Mwamba ulisagwa ukawa unga, madini yakaenguliwa pamoja na povu, tope lililobaki likaelekezwa bwawani. Kwa hiyo kazi ya kwanza hapa ni kulizuia tope hilo lisipeperushwe na upepo wala kusombwa na mvua: kingo ziimarishwe, juu utandazwe udongo mzuri, ndipo nyasi na migunga ipandwe.

Wapo wanaosema floridi inayotoka katika tope hilo la floraiti si tatizo, kwa kuwa ni ya asili katika Bonde la Ufa, na meno ya kahawia ya wakazi wengi wa Nakuru yanathibitisha. Ni kweli, lakini unga hutoa floridi upesi kuliko mwamba mzima. Wengine hutaja mfano wa kuigwa wa Bamburi, Mombasa, ambako René Haller alianza 1971 kupanda mivinje katika machimbo ya mawe ya chokaa, na majongoo wakageuza majani makavu kuwa mboji. Kule, hata hivyo, kilichokosekana ni rutuba. Hakukuwa na tope la kiwandani. Ili kazi kama hii igharimiwe, Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inadai dhamana ya mazingira, nayo yafaa itozwe mapema, mgodi ungali na faida.