Kiongezeo: Sabuni na Magadi Ndani ya Pipa la Mawe

Mto Nzoia huanzia katika milima ya Cherangani, hupita Trans Nzoia, huporomoka Webuye kwenye maporomoko ya Nabuyole, na kuishia Ziwa Viktoria baada ya kilomita 257. Njia nzima unasugua mawe. Kipande cha kwatsi kilichomeguka mlimani kikiwa na ncha kali huokotwa huku chini kikiwa laini, hakina pembe. Kikiwa majini kinametameta, lakini ukikianika juani kinafifia, na mtoto aliyekitia mfukoni kwa furaha akakitoa nyumbani hakioni tena kile alichokiokota. Mto umeliviringa jiwe, haujaling'arisha. Uso wake bado una mikwaruzo midogo mno. Maji yakiijaza, mwanga hupita na kurudi bila kuvurugwa. Yakikauka, mwanga hutawanyika kila upande na jiwe huonekana limeingia vumbi.

Kazi hiyo ambayo mto huiacha nusu humalizwa na pipa. Wang'arishaji wa mawe ya mapambo hutumia pipa dogo la mpira au plastiki, lililofungwa vizuri, linalozungushwa polepole na mota usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Ndani mna mawe, maji, na chembe ngumu za kukwaruza. Chembe zinazotumika zaidi ni za silikoni kabaidi, ambayo Mmarekani Edward Acheson aliipata mwaka 1891 na kuiita kaborandamu. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwatsi ina 7, nayo silikoni kabaidi inapita 9, kwa hiyo jiwe halina budi kukubali. Huanza chembe kubwa, zikafuata za kati, zikafuata laini, na mwisho kabisa hutiwa unga wa kung'arishia, mara nyingi aluminiamu oksidi. Baina ya hatua na hatua kila kitu huoshwa kwa makini: chembe moja kubwa ikijificha kwenye ufa wa jiwe hadi hatua ya mwisho, kazi ya wiki nzima imeharibika.

Mbali na mawe, maji na chembe, kuna kundi la nne la vitu vinavyoingia katika pipa hilo, na vyote vinatoka jikoni au kwenye beseni la kufulia: sabuni ya kipande iliyoparuzwa, boraksi, soda ya kuokea, wakati mwingine sabuni ya unga. Kiingereza kina jina moja la kundi hili, nalo ni "additive". Sisi tumezoea kutaja kila kimoja kwa jina lake la dukani. Napendekeza tuliite kundi hili viongezeo, na kimoja wapo kiongezeo, na hoja yangu ni kwamba jina hilo lina kazi ya kufanya, si pambo la kamusi.

Tazama kinachotokea mahali ambapo jina halipo. Ukimwambia mtu "tia sabuni", ameshaelewa kwamba kuna uchafu wa kuondoa. Akifungua pipa na kukuta tope la kijivu, ataongeza sabuni nyingine. Kumbe lile tope si uchafu hata kidogo. Ndiyo kazi yenyewe: jiwe lililosagika likichanganyika na chembe zilizolisaga. Na sabuni ikizidi katika hatua za kukwaruza, povu hujaa, mawe hupunguza kugusana, na chembe ambazo zilipaswa kubanwa kati ya jiwe na jiwe huning'inia ndani ya povu bila kufanya lolote. Pipa linazunguka, umeme unalipwa, jiwe halibadiliki. Kosa hilo linatokana na neno. Sabuni kwetu ni jina la kitu kinachosafisha, nayo ndani ya pipa haikuitwa kusafisha.

Imeitwa kufanya nini, basi? Molekuli ya sabuni ina upande mmoja unaopenda maji na upande wa pili unaoyakimbia. Ikiingia majini hujipanga usoni mwa maji na kulegeza ule mvuto unaofanya tone lijikunje. Maji safi kwenye nyuzi 20 za selisiasi yana mvuto wa uso wa takriban milinewtoni 73 kwa kila mita. Sabuni huweza kuushusha chini ya nusu. Maji yaliyolegea hivyo huingia katika nyufa ambamo maji matupu hayakufika, huutoa unga wa kung'arishia uliokwama humo, na kuweka utando wa utelezi baina ya mawe ili yapitiane badala ya kugongana. Ndiyo maana sabuni huachiwa mwisho, baada ya ule unga kumaliza kazi yake, na pipa huzungushwa kwa saa chache tu. Hatua hii Kiswahili kilikuwa na neno lake zamani: kukatua, yaani kusugua chombo cha shaba au cha fedha mpaka king'ae. Sinia likikatuliwa, kinachotoka hasa ni ukungu uliofunika mng'ao. Neno linafaa jiwe vilevile, na ningependa lirudi kazini.

Kuhusu umbo la kiongezeo, wako watakaouliza kwa nini isiwe kiongezi. Kwanza, kiongezi kinakaribiana mno na kiongozi, na maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja hupotezana darasani. Pili, na hili ndilo zito zaidi, tuna mfano ulio tayari. Kutokana na kuchochea, wanakemia walipata kichocheo: kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha. Kutokana na kuongezea tunapata kiongezeo kwa njia ileile. Ile -ea ya kutendea ina maana yake. Kuongeza ni kuzidisha kiasi. Kuongezea ni kuzidisha juu ya kitu kingine, kwa ajili ya kitu kingine. Ukitia maji zaidi kwenye pipa umeongeza maji. Ukitia boraksi umeyaongezea maji kitu ambacho hayakuwa nacho. Mtu aliyelelewa na Kiswahili anausikia utofauti huu hata kabla hajafundishwa.

Ndani ya kundi hilo kila kimoja kingepata jina la kazi yake. Kinachopunguza msuguano ningekiita kitelezeshi. Najua vilainishi ni neno lililozoeleka kwa mafuta ya mashine, lakini katika kazi hii anayelainisha ni chembe ya kukwaruza, na hatuwezi kuwapa mahasimu wawili jina moja. Kinachovunja makali ya asidi ningekiita kizimuo, kutokana na kuzimua.

Hapo kwenye kizimuo ndipo nyumba za magharibi mwa Kenya zina utajiri ambao vitabu vya ung'arishaji havina. Wang'arishaji hutia kijiko cha soda ya kuokea kwa sababu baadhi ya mawe yana chokaa, na chokaa ikikutana na asidi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Pipa lililofungwa barabara huvimba, hata likapasuka mfuniko na kumwaga tope ukumbini. Soda huizima asidi kabla haijaifikia chokaa. Angalia lakini kwamba soda yenyewe hutoa gesi hiyohiyo inapokutana na asidi. Kwa hiyo hutiwa pipa likiwa wazi, huachwa imalize kuchemka, ndipo mfuniko hufungwa.

Sasa mama wa Bungoma anayepika kunde au mrenda anakijua kizimuo cha aina hii bila jina la kitabuni. Huchoma maganda makavu ya maharage, huchuja jivu kwa maji, na kupata musherekha, maji ya chumvi ya jivu yanayolainisha mboga na kupunguza uchungu wake. Kilichomo zaidi ni kaboneti ya potasiamu. Mwingine hutumia magadi ya Ziwa Magadi, kule Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Magadi ni mchanganyiko wa asili wa kaboneti ya sodiamu na bikaboneti ya sodiamu pamoja na maji. Kwa hiyo soda ya kuokea, magadi na musherekha ni ndugu. Kinachowatofautisha ni nguvu. Soda ya kuokea iliyoyeyushwa ina pH ya 8 na kidogo, boraksi hukaribia 9.2, nayo kaboneti ya sodiamu iliyo tupu hufika 11. Ile ya mwisho huchubua mikono. Magadi ya sokoni yana shida nyingine pia: vipande vyake huja na chembe za mchanga, na mchanga mara nyingi ni kwatsi. Ukiyatia katika hatua ya kung'arisha umerudisha ndani kile ulichokuwa ukikitoa. Yayeyushe kwanza, uyachuje kwa kitambaa, kama vile musherekha unavyochujwa.

Boraksi nayo ina safari yake. Jina limetoka Kiajemi likapitia Kiarabu, na masonara waliitumia kuunganishia dhahabu tangu zamani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu leo wanahimizwa kuitumia wanapoyeyusha dhahabu badala ya zebaki. Katika pipa hulegeza maji yale ambayo hayatoi povu, yaani yenye chokaa nyingi, ili sabuni isigeuke utando unaoganda juu ya mawe. Anayetumia maji ya mvua hana haja nayo kwa sababu hiyo.

Sabuni ya unga ndiyo ninayoishuku zaidi. Ndani yake mna manukato, vimeng'enya, rangi za kung'aza nguo nyeupe, na vijazio. Kijazio kimoja cha kawaida ni salfeti ya sodiamu, na tangu miaka ya 1970 viwanda vingi vimekuwa vikitia pia zeolaiti ya kutengenezwa ili kuvuta chokaa kutoka majini. Wasomaji wa Kitale wanaishi karibu na vitu hivi kuliko wanavyodhani. Katika Pango la Kitum, ndani ya mbuga ya taifa ya Mlima Elgon, ndovu huingia gizani usiku na kuchimba kuta kwa pembe zao wakitafuta chumvi. Chumvi wanayoitafuta ni salfeti ya sodiamu katika umbo la mirabilaiti, na mwamba uliowazunguka una zeolaiti za asili. Wafugaji wa mlimani nao walichimba mapangoni chumvi ya kulishia ng'ombe. Kinachojaza pakiti ya sabuni kilikuwa mlimani kabla ya kiwanda chochote. Pango hilo ni hifadhi, na halitolewi hata kokoto. Mawe ya kuweka pipani yako tele mtoni na kwenye machimbo ya halali.

Jambo moja halina mjadala. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo Wakenya wengi huiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, si kiongezeo na isiingie pipani. Ikichanganyika na asidi, iwe ni siki au dawa ya choo, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine za sumu. Hayo ni hatari kwenye chumba kilicho wazi, sembuse ndani ya chombo kilichofungwa ambacho mtu atakifungua akiwa ameinamisha uso. Na lile tope la mwisho lisimwagwe kwenye sinki, maana hutulia katika kona ya bomba na kuganda kama simiti.

Istilahi hupimwa mpakani, na mpaka wa neno hili naupata kwenye sakafu za terazo za makanisa, shule na maduka ya Kitale na Bungoma. Vipande vya marumaru huchanganywa na simiti, hutandazwa, na vikishikamana fundi husaga kwa mashine yenye mawe ya kaborandamu huku maji yakitiririka. Maji hayo yasikosekane, kwa kuwa vumbi la kusaga likivutwa kwa miaka huua mapafu. Baadaye fundi husugua kwa asidi ya oksaliki, kisha hupaka nta. Je, asidi ile ni kiongezeo? Nasema siyo. Kiongezeo husaidia kazi ya pipa na huondoka kikiwa hakijalibadilisha jiwe. Asidi ya oksaliki huigusa chokaa ya marumaru na kuugeuza uso wake kuwa kitu kingine, oksaleti ya kalsiamu. Yenyewe ndiyo mfanyakazi. Kwa sababu hiyohiyo, dawa ya choo au ndimu ikimwagika kwenye terazo huacha doa lisilotoka kwa kuosha: haijachafua sakafu, imeila.

Nta nayo si kiongezeo wala si kung'arisha. Ni kupaka, kama wanavyopaka wachongaji wa Tabaka kule Kisii, ambao jiwe lao ni laini mno kwa pipa, kwa hiyo hulisugua kwa msasa ndani ya maji kisha hulipaka. Mafundi wengi wa sakafu huziita kazi zote mbili, kung'arisha na kupaka, kupiga polishi, na hapo ndipo mteja huumia. Mng'ao wa jiwe lililosagwa mpaka mwisho hudumu miaka. Wa nta huisha pale watu wanapokanyaga, kuanzia mlangoni. Anayepatana bei na fundi Kitale au Bungoma amuulize waziwazi: utasaga mpaka hatua gani, na baada ya hapo utapaka nini?